Mambo na Joomla: Historia ya Leseni, Jina na Mali

Kamati ya chama chetu ilipokutana mwaka huu kuzungumzia tovuti mpya ya shule, neno moja lilirudi mezani kila tulipodhani tumelimaliza. Neno hilo ni leseni. Ndugu mmoja aliuliza kwa nini tulipie leseni ya kitu ambacho tumekwisha kulipa fundi akitengeneze. Mwingine, ambaye ni mfanyabiashara na mtu wa hesabu, alidhani leseni ni karatasi ya kubandika ukutani kama ile ya duka. Mhariri aliyasikia hayo, na kwa kuwa nilisoma historia chuo kikuu na kazi yangu serikalini imenikutanisha na mikataba ya tovuti, akanitaka niandike. Nimekubali kwa sharti kwamba niandike historia, siyo waraka. Nyaraka za ofisi wasomaji wetu wanazo za kutosha.

Hapana budi kuanzia mbali kidogo. Zamani programu haikuwa bidhaa. Kampuni au serikali ilipokodi mtambo mkubwa wa kompyuta, programu zilikuja pamoja na mtambo, kama kamba inavyokuja na ndoo ya kisimani. Watumiaji walizirekebisha na kupeana. Huko Marekani walikuwa na umoja wao ulioitwa SHARE tangu mwaka 1955. Mambo yalibadilika tarehe 23 Juni 1969, siku ambayo IBM ilitangaza kwamba itatenganisha bei ya mtambo na bei ya programu na huduma. Januari ya mwaka huo huo serikali ya Marekani ilikuwa imeifungulia kampuni hiyo kesi ya kuhodhi soko, kesi ambayo ilikuja kufutwa mwaka 1982. Wanahistoria hubishana kama tangazo lile lilitokana na hofu ya kesi au hesabu ya biashara. Mimi naona yote mawili yalikuwapo. Lililo hakika ni kwamba baada ya hapo programu ikawa kitu chenye bei yake.

Lakini kitu hicho kinauzwaje? Ukiuza ng'ombe, ng'ombe ameondoka zizini mwako. Ukiuza programu, bado unayo, na aliyenunua anaweza kutoa nakala mia kabla ya chakula cha mchana. Hapo ndipo leseni ilipopata kazi yake. Mwenye programu hauzi programu. Hubaki na hakimiliki, akakupa ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Wewe ni mpangaji. Unaweza kulala, kupika na kupokea wageni, ila huwezi kubomoa ukuta wala kumpangisha mwingine bila kumwuliza mwenye nyumba. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta ndogo, akilalamika kwamba chini ya sehemu moja ya kumi ya wenye mashine za Altair ndio walionunua programu yake ya BASIC, na waliobaki wakiiba. Mwaka 1980 Bunge la Marekani likarekebisha sheria na kutaja bayana kwamba programu za kompyuta zinalindwa na hakimiliki. Hapa kwetu Tanzania kinga hiyo imo katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Na wasomaji wakubwa watakumbuka kuwa mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ulipigwa marufuku, hivyo mabishano ya wenzetu yalitupita tukiwa tunapiga taipureta.

Sasa aingie mtu wa pili katika hadithi hii, Richard Stallman, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya chuo cha MIT. Septemba 1983 alitangaza mradi wa GNU, mwaka 1985 akaanzisha Free Software Foundation, na mwaka 1989 ukatoka waraka uitwao General Public License, ambao wote tunauita GPL. Toleo la pili, ambalo ndilo linalotuhusu, lilitoka Juni 1991. Ujanja wa GPL ni kwamba haikuitupa sheria ya hakimiliki, bali iliigeuza upande wa pili. Mwandishi anabaki na hakimiliki yake, lakini anampa kila mtu ruhusa ya kutumia programu, kuisoma, kuibadili na kuigawa, kwa sharti kwamba anayeigawa, akiwa ameibadili au hakuibadili, naye atoe msimbo wake kwa masharti yale yale. Haikatazi kuuza. Inakataza kufunga mlango nyuma yako baada ya kuingia. Tena sharti hilo linaamka pale tu unapoigawa programu. Mwenye kuitumia kwenye seva yake kuendeshea tovuti hajaigawa kwa mtu. Jambo hili la mwisho husahauliwa sana hata na mafundi.

Mwaka 2000 kampuni moja ya Melbourne, Australia, iitwayo Miro ilianza kutengeneza mfumo wa kusimamia maudhui ya tovuti, yaani programu inayomwezesha karani asiyejua msimbo kuandika tangazo na kulichapisha. Waliuita Mambo. Msomaji wa Kiswahili hana budi kutabasamu, na sijui kama kuna tovuti nyingine duniani ambayo ukiifungua unaweza kujibu "poa". Mwaka 2001 Miro waliutoa kwa leseni ya GPL. Mwaka 2002 wakatoa pia toleo la biashara, nalo lile huria likaja kuitwa Mambo Open Source. Nyumba moja ikawa na milango miwili: mmoja wa kulipia, mmoja wa bure.

Toleo huria lilikua haraka. Mafundi wa nchi mbalimbali, wengi wakijitolea, waliongeza vipande, wakatafsiri, wakasahihisha makosa. Mwaka 2004 na 2005 Mambo ilipata tuzo kadhaa katika ulimwengu wa programu huria. Na kama ilivyo kawaida, mali ilipoonekana, wadai walitokea. Mwaka 2004 mfanyabiashara mmoja wa Marekani alidai kwamba kipande fulani cha msimbo, kile cha kupanga habari kuu katika ukurasa wa mbele, kilikuwa mali yake, kwa kuwa alimlipa fundi amtengenezee jambo hilo katika tovuti yake, na fundi huyo huyo baadaye akalitia katika Mambo. Hakuishia kwa watengenezaji. Alitishia hata wenye tovuti waliokuwa wakiitumia Mambo. Hebu fikiri wewe ni mwalimu mkuu wa shule fulani, umewekewa tovuti, halafu unaambiwa utashitakiwa kwa ajili ya mistari ya msimbo usiyoijua.

Swali alilolizusha halikuwa la kipuuzi, ingawa vitisho vyake sivyo nisivyovipenda peke yangu. Je, ukimlipa fundi arekebishe programu ya GPL, marekebisho ni ya nani? Jibu liko mahali pawili. Hakimiliki ya marekebisho hutegemea mkataba wako na fundi, na mikataba mingi haisemi neno juu ya hilo. Lakini marekebisho yakishashikamana na programu ya GPL na yakagawanywa, hayawezi kugawanywa ila kwa GPL. Mtu anaweza kuyaficha nyumbani kwake. Hawezi kuyauza sokoni yakiwa yamefungwa. Dai lile lilififia, Mambo ikaendelea, lakini watengenezaji walikuwa wameonja hofu. Wakaanza kutaka chombo cha kisheria cha kuushika mradi, kisicho kampuni ya mtu.

Hapo ndipo penye kiini cha historia hii. Agosti 2005 chombo kilipatikana, Mambo Foundation, lakini kiliundwa na Miro. Watengenezaji wakuu walisema hawakushirikishwa ipasavyo, na kwamba muundo wake ulikwenda kinyume cha misingi ya programu huria. Tarehe 17 Agosti 2005 kundi zima la watengenezaji wakuu lilijitoa, na kiongozi wao Andrew Eddie akaandika barua ya kuieleza jamii ya watumiaji. Siku iliyofuata aliwaomba watumiaji wapendekeze jina jipya.

Kwa nini jina jipya? Kwa sababu msimbo na jina ni mali mbili tofauti, tena chini ya sheria mbili tofauti. Msimbo ulikuwa chini ya GPL. Hao waliojitoa waliweza kuuchukua wote, mstari kwa mstari, bila kumwomba mtu ruhusa, na wakaendelea kesho yake asubuhi kana kwamba hakuna lililotokea. Hakuna leseni ya biashara ambayo ingewaruhusu hivyo. Lakini jina la Mambo lilikuwa alama ya biashara, na GPL haigawi alama za biashara. Watu walitoka nyumbani na samani zote, wakaacha kibao cha mlangoni. Wakaunda shirika lisilo la faida lililoandikishwa New York, Open Source Matters, ili safari hii kibao kiwe mikononi mwao wenyewe.

Mapendekezo ya watumiaji yalipokelewa, lakini mwisho viongozi walichagua jina ambalo halikuwa miongoni mwao, wakalitangaza mwanzoni mwa Septemba 2005: Joomla. Ndiyo, ndugu wasomaji, ni neno letu. Ni "jumla", limeandikwa ili Mwingereza alitamke, na walilichukua kwa maana ya "wote pamoja". Na sasa ni alama ya biashara ya Open Source Matters. Haina maana kwamba mwenye duka la Kariakoo ataambiwa afute "bei ya jumla" ukutani. Alama ya biashara hulinda jina katika aina ya bidhaa lililoandikishiwa, haliondoi neno katika lugha. Hata hivyo sijawahi kuona mwanafunzi wetu mmoja aliyejua habari hii kabla ya kuambiwa, na hilo ndilo lililonifanya nichague kisa hiki badala ya vingine.

Joomla 1.0 ilitoka tarehe 16 Septemba 2005, mwezi mmoja tu tangu kujitoa. Haikuwa programu mpya. Ilikuwa Mambo 4.5.2.3 iliyopewa jina jingine na masahihisho kadhaa ya makosa na ya usalama. Kwa mwenye tovuti kuhama kulikuwa rahisi kuliko ilivyokuja kuwa baadaye: aliweka akiba ya kila kitu, akaandika mafaili mapya juu ya yale ya zamani, akahifadhi faili lake la mipangilio, na tovuti ikasimama. Majedwali ya kanzidata ya Mambo yalianza na herufi mos_, ya Joomla yakaanza na jos_, lakini kwa kuwa kiambishi hicho kilitajwa katika faili la mipangilio, aliyehama aliweza kuacha mos_ yake ilivyo. Ukifungua msimbo wa Joomla 1.0 utakuta jina la mzazi limetapakaa: kuna mosMainBody, kuna _VALID_MOS juu ya kila faili. Ilibidi wangoje Joomla 1.5, iliyotoka Januari 2008, ndipo _VALID_MOS ikapisha _JEXEC. Toleo hilo lilikuwa limejengwa upya, na kuhamia huko hakukuwa tena kazi ya kunakili mafaili. Wengi waliacha tovuti zao za 1.0 zikizeeka bila marekebisho ya usalama.

Ili tuone thamani ya leseni ile, tulinganishe na kisa cha mwaka uliotangulia. Movable Type ilikuwa programu ya kuchapishia tovuti, iliyoanzishwa mwaka 2001 na mume na mke, Ben na Mena Trott wa California. Mtu binafsi aliitumia bure, msimbo ulionekana, na wengi walidhani ni programu huria. Haikuwa. Mei 2004 lilipotoka toleo la 3.0 masharti yalibadilika: la bure likawa la mwandishi mmoja na majarida matatu, na aliyezidi alipe. Kampuni ilikuwa na haki kamili, kwani mali ilikuwa yake. Ila watu walishtuka. Mark Pilgrim, mwandishi aliyesomwa sana wakati huo, alipiga hesabu akaona atatakiwa kulipa dola 535. Akahamia WordPress, ambayo iko chini ya GPL, na fedha hizo akawapa watengenezaji wake. WordPress wenyewe walikuwa wameuchukua msimbo wa programu ya Kifaransa iitwayo b2, mtengenezaji wake alipokuwa kimya, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu ile ile iliyowafaa watu wa Joomla. Movable Type ilikuja kutolewa kwa GPL Desemba 2007, na mwaka 2013, kwa toleo la 6, mlango huo ukafungwa tena. Wakati huo wahamaji walikuwa wamekwisha kujenga kwingine.

Nisije nikaonekana mhubiri wa GPL. Leseni ya kulipia si dhambi. Inaajiri watu, na mara nyingi inakupa mtu wa kumpigia simu usiku. Kosa ni kutojua ni ipi unayo. Na katika Joomla wengi hawakujua, maana programu mama ilikuwa huria lakini viongezo vyake, yaani vipande vya kuonyesha picha, kuuza bidhaa au kupanga nyaraka, viliuzwa na wafanyabiashara kwa leseni zao, vingine msimbo wake ukiwa umefichwa usisomeke. Juni 2007 uongozi wa Joomla, baada ya ushauri wa wanasheria, ulitamka kwamba hauwezi kuvumilia hayo kwa kutoa msamaha maalumu: msimbo ulirithiwa kutoka Mambo, wenye hakimiliki walikuwa wengi, na hakuna mmoja mwenye uwezo wa kulegeza sharti la wote. Kelele zilikuwa kubwa. Wafanyabiashara walisema wanauawa. Tangu Julai 2009 orodha rasmi ya viongezo ikapokea vya GPL tu. Biashara haikufa; wengi waliacha kuuza ruhusa, wakauza usajili wa kupata matoleo mapya na msaada.

Viongezo vilivyofungwa nimekutana navyo ana kwa ana. Ofisi moja niliyohamishiwa ilikuwa na tovuti ya Joomla iliyojengwa na mzabuni ambaye sitamtaja, na mkataba ulitiwa saini kabla sijafika. Fomu zote za wananchi zilikuwa ndani ya kiongezo cha nyaraka kilichofichwa msimbo. Ofisi ilipobadilishwa jina kwa agizo la juu, ikabidi tovuti ihamie seva nyingine na anwani mpya. Tukahama. Kurasa zote zikaja, isipokuwa ya fomu, ambayo ilikuwa nyeupe kama shuka ya bweni siku ya ukaguzi. Leseni ya kiongezo ilikuwa imefungwa kwenye anwani ya zamani, na ilinunuliwa kwa jina la mzabuni, ambaye wakati huo alikwisha kufunga duka. Muuzaji wa ng'ambo alitujibu kwa adabu kwamba hatutambui. Kwa wiki mbili watu wa mikoani walipanda basi kufuata fomu ya kurasa mbili.

Aliyetuokoa ni kijana wa kitengo cha takwimu, aliyesema jambo jepesi: programu ni ya yule, nyaraka ni zetu. Aliingia katika kanzidata, akatoa orodha ya nyaraka jedwali kwa jedwali, akazipanga upya katika kurasa za kawaida za Joomla. Hakuvunja kufuli la mtu. Tangu hapo mkataba wowote unaopita mezani kwangu nautazama kwa macho mengine. Natafuta leseni zimeandikwa kwa jina la nani. Natafuta kama zimefungwa kwenye anwani moja, na kama nakala ya majaribio, ile ambayo fundi hujengea kabla ya kuhama, inahitaji leseni yake au imeruhusiwa. Wauzaji wengi huiruhusu maadamu umma hauioni, lakini lazima iandikwe. Natazama pia picha na aina za herufi, vitu ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka barua ya mwanasheria ifike. Vijana walio kidato cha tano na sita, ambao najua baadhi yenu mnajenga tovuti za watu kwa malipo ya vocha, nanyi andikeni.

Ugomvi wa jina haukuisha na Mambo. Oktoba 2024 kampuni ya WP Engine ilifungua kesi California dhidi ya Automattic na mwanzilishi wake Matt Mullenweg, yule yule aliyeanzisha WordPress pamoja na Mike Little mwaka 2003. Msimbo hauna mgogoro, ni GPL. Kiini cha ugomvi ni matumizi ya jina, na nani anaruhusiwa kuchota viongezo katika ghala kuu.

Ama Mambo yenyewe, haikufa siku ile. Watengenezaji wengine walijitokeza, Mambo Foundation ikaendelea na kazi, na matoleo yakatoka hadi 4.6.5 ya mwaka 2008, ambalo ndilo la mwisho. Baadhi ya waliobaki walijitoa nao, wakachukua msimbo kama wenzao walivyofanya, wakauita MiaCMS. Jina la Mambo wakaliacha nyuma vile vile.